Mwandiko wa Shangazi ndani ya mfuniko

Bodaboda alipiga simu saa kumi na moja jioni. "Dada, niko hapa kwenye transfoma. Wewe uko upande gani?"

Nikamwelekeza: pita duka la Mpemba, kata kushoto penye mwarobaini, geti la bluu. Akasema mageti ya bluu yako matatu. Nikavaa kandambili nikatoka.

Alikuwa kijana mpole, na nyuma ya pikipiki amefunga mizigo mingine mitano kwa mpira. Akachomoa mfuko mbadala, akatoa boksi, akavua mfuniko na kuulaza chini kwenye mchanga, tumbo juu. "Simama hapa ujaribu, dada. Soli isishike vumbi. Ukivikataa lazima virudi kama vilivyokuja."

Nikavaa. Viatu vyeusi vya kazini, bapa, vya kukaa navyo mguuni kutwa. Vikanienea. Nikainama kuangalia kama kidole gumba kinagusa mbele, na hapo katikati ya miguu yangu, kwa kalamu ya bluu, nikasoma:

*37 nyeus.*

Bila "i" ya mwisho. Saba imekatwa kamstari katikati, na tatu ina kichwa bapa kama tano iliyoghairi.

Mwandiko ule naujua tangu niko darasa la nne. Ni wa Shangazi, dada yake baba. Kila likizo nilikuwa napelekwa dukani kwake Kariakoo kumsaidia, na kazi yangu ilikuwa kumshikia maboksi huku yeye akiandika: nyeus, kahaw, nyekun. Anasema herufi za mwisho zinamaliza wino.

Nikamlipa kijana elfu arobaini na tano kwa simu. Elfu tano ya usafiri nilishaituma asubuhi. Akashukuru, akaondoka.

Nikabaki nimesimama juu ya mfuniko.

Hesabu ya hasira

Usiku ule nilimpigia Shangazi, nikamsalimia, nikazunguka kidogo, kisha nikauliza viatu vya namna ile anauzaje siku hizi. "Ishirini na nane," akasema. "Kwani unataka? Wewe njoo nitakupa kwa ishirini na tano."

Kwa hiyo nimelipa elfu hamsini kwa kitu ambacho ningekipata kwa ishirini na nane. Tuseme mimi si ndugu, tuseme ni mpita njia tu. Tofauti ni elfu ishirini na mbili.

Sikumwambia.

Nilichofanya ni kufungua ukurasa wa Instagram wa yule binti aliyeniuzia viatu, ule niliokuwa nausifia kwa wenzangu ofisini, nikaanza kupekua. Kile kiatu hapo. Kile nacho nakikumbuka kwa Shangazi, rafu ya pili kutoka juu. Posti zake zote zina picha safi, viatu vimelazwa juu ya kipande cha nyasi bandia na ua la plastiki pembeni. Chini maneno yaleyale tunayoyajua: bei inbox, mikoani tunatuma, Dar unalipia ukipokea.

Nikaandika ujumbe mrefu. Nikamwita dalali. Nikamuuliza haoni aibu. Nilipofika kwenye neno "wizi" nikasimama, maana mimi ni mhasibu na neno hilo huwa silitumii bila hati.

Ujumbe ule haukutumwa. Lakini swali lilikaa, wiki tatu nzima, likinijia kwenye foleni ya mwendokasi na hata nikiwa napika.

Kwa zile elfu ishirini na mbili nilinunua nini?

Yule wa blenda

Niseme kwanza jambo ambalo siku zile za hasira nilijisahaulisha.

Mwaka 2021 nilituma elfu sitini kwa mtu ambaye ukurasa wake ulikuwa mzuri kuliko wa huyu binti. Blenda, ya kusagia hadi barafu. Wafuasi wengi, picha nyingi, "asante mzigo umefika" za kutosha. Nilipotuma pesa akaniandikia "nimeona mpenzi, kesho asubuhi". Kesho yake picha yake ya wasifu ikatoweka. Kanibloku. Nilipompigia kwa namba nyingine akapokea mwanamume mwenye usingizi, akasema namba hiyo ameinunua juzi.

Sijui kama ni kweli. Nilijiona mjinga kwa mwezi mzima, na mume wangu akaniongezea kwa kunyamaza kila tulipokunywa juisi ya kukamua kwa mkono.

Tangu hapo sikununua kitu mtandaoni karibu miaka miwili. Aliyenirudisha ni huyu binti wa viatu. Mara ya kwanza nilimjaribu kama mpelelezi. Nikaomba video ya kiatu kikikunjwa, akatuma. Nikaomba apime ndani kwa rula, akapima, rula ya shule yenye jedwali la kuzidisha upande wa pili. Nikauliza kikinibana itakuwaje, akajibu kwa sauti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka lakini hajachukia: "Kikikubana dada unamrudishia boda, hulipi kitu. Ile elfu tano tu ndiyo haitarudi, maana boda ameshakunywa mafuta."

Ameshakunywa mafuta. Nilicheka peke yangu, nikaagiza.

Mchikichi

Jumamosi ya nne nikaenda Kariakoo. Nilipanda mwendokasi Kimara nikashuka mwisho, na kufika Mtaa wa Mchikichi jasho lilikuwa limefika kiunoni. Nikamkuta Shangazi amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, miguu juu ya boksi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Kaa hapa, usikae pale, pale panapigwa picha."

Nikageuka. Kwenye kona ya fremu, kati ya maboksi, kulikuwa na kipande cha nyasi bandia ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Na ua la plastiki.

Basi Shangazi alikuwa anajua. Si kujua tu, kona alimtengea yeye mwenyewe. Nilipomweleza kisa changu cha mfuniko alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kumbe mteja wa Kimara ni wewe! Alikuja anasema, Mama, nipe thelathini na saba nyeusi, kuna dada mmoja ana maswali kama polisi."

Nikamuuliza anampa kwa bei gani. Ishirini na tano, akasema, bei ya jumla, hata akichukua pea moja. Kwa wiki anachukua pea kumi, kumi na tano. Na hayuko peke yake. Wapo mabinti watatu na kijana mmoja, kila mmoja na ukurasa wake. Hakuna mwenye mzigo wa kwake. Wanapiga picha hapa, wanaposti, mteja akikubali ndipo wanakuja kuchukua. Kiatu kikikataliwa kinarudi jioni hiyohiyo, Shangazi anakipindua, anaangalia soli. Ikiwa safi anapokea. Ikiwa na vumbi wanasikilizana.

Ndiyo maana ya ule mfuniko.

Binti mwenyewe akaja mnamo saa sita. Nilitegemea mtu wa kucha na nywele, kama picha ya ukurasa wake. Akaingia mdogo tu, baibui limefifia mabegani, simu mbili, pawabenki shingoni kama hirizi. Shangazi akatutambulisha kwa furaha ya mtu anayefanya ushenga: "Huyu ndiye polisi wako."

Aliona aibu, na mimi nikaona aibu zaidi. Nikakaa pembeni nikawa namtazama akifanya kazi.

Sijawahi kutazama hivyo kitu ninachokitumia kila mwezi. Kuna mteja wa Mwanza alikuwa anataka kiatu cha harusi ya dada yake. Binti alipiga picha nne, akatuma. Mteja akataka kuona rangi juani. Akatoka nje, akakishika juu kwenye jua, watu wanampita na mizigo kichwani, akarekodi. Mteja akasema bei iko juu. Wakaongea kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, dakika arobaini, nikahesabu. Akapunguza elfu tatu. Mteja akasema, ngoja nikucheki.

"Harudi huyo," binti akasema, akafungua mteja mwingine.

Siku ile, kwa masaa matatu niliyokaa, aliongea na watu zaidi ya ishirini. Walionunua ni wawili. Kati ya hao mmoja alikuwa Mbagala, na saa tisa boda akapiga simu kwamba mteja hapokei.

Waliokuja na maghala

Nikiwa pale nikaikumbuka Jumia, ile kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni. Ilianzia Lagos 2012, ikatandaa Afrika, Aprili 2019 ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la New York, na Novemba mwaka huohuo ikafunga Tanzania. Ilikuwa na tovuti, ghala, mavazi ya wapelekaji, na kikapu cha kubofya. Kila kitu ambacho kwenye semina huitwa biashara mtandao. Jirani zetu Kenya walikuwa na Copia, iliyopitia kwa wenye maduka ya vijijini ili hata asiye na simu ya maana aweze kuagiza. Mei 2024 nayo ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi.

Huyu binti ana nyasi bandia na rula ya shule, na bado yupo.

Sisemi yeye ni hodari kuliko kampuni. Kampuni inabeba mishahara, magari na mabilioni ya pesa za watu wanaotaka faida. Yeye hasara yake inabebwa na nani? Inabebwa na yeye mwenyewe kwa kulala saa saba usiku. Na kwa Shangazi, anayekubali kiatu kirudi. Na kwa boda, anayezunguka kutafuta geti la bluu la tatu.

(Geti langu lina kibao cha namba, tuliwekewa 2022 kwenye ile operesheni ya anwani za makazi. Hakuna boda hata mmoja aliyewahi kuniuliza namba hiyo. Wote wanauliza transfoma.)

Kuna jambo lingine la kihasibu lililonisumbua, mnisamehe. UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, lilipopima mauzo ya mtandaoni wakati wa korona, lilionyesha Korea Kusini imetoka asilimia 20.8 ya mauzo yote ya rejareja mwaka 2019 hadi 25.9 mwaka 2020. Namba ya kuheshimika, ina nukta na desimali. Sasa kile kiatu changu kingehesabiwa wapi? Kwa Shangazi kimetoka kama mauzo ya dukani, pea moja, pesa taslimu. Kwangu mimi kwenye simu kinasomeka kwamba nimemtumia mtu elfu arobaini na tano. Hakuna kikapu wala ankara. M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008 tuliizoea kwa kumtumia mama kijijini, na mtambo wa simu hauna namna ya kujua kama huyu niliyemtumia ni mama au ni kiatu.

Biashara inakua, ila ukiitazama kwenye rekodi inafanana na undugu.

Kushikwa mkono

Nilipotoka dukani siku ile nilikuwa nimeshaanza kumtetea binti kichwani. Halafu nikatembea mpaka kituoni, na hapo ndipo nilipopata kipande cha jibu nisichokitegemea.

Wanaoijua Kariakoo wanajua. "Sister, njoo huku. Sister, gauni. Mamaa, umependeza, njoo nikupe bei ya asubuhi." Mmoja akanishika kiwiko. Nikajinasua. Wa pili akanishika kifundo cha mkono, akakivuta kabisa kuelekea dukani kwao, huku anacheka, wenzake wanacheka. Nikamwambia niachie. Akasema, "Dada una hasira, mume hajaacha hela?"

Nilikulia kwenye mitaa hiyo, nikiwa na boksi kichwani, na niliyazoea. Mtu huzoea mpaka siku anapoacha kwenda. Nikahesabu: nilikuwa sijaingia Kariakoo kununua kitu karibu mwaka mzima. Nilikuwa nikijiambia ni kazi, ni foleni, ni jua.

Katika zile elfu ishirini na mbili, sijui ni kiasi gani hasa, lakini kuna kiasi nililipa ili nisishikwe mkono.

Nilipowauliza wenzangu watatu ofisini, wote wanawake, kwa nini wananunua kwenye simu, mmoja alisema urahisi. Wa pili alisema urahisi. Wa tatu akaniangalia kidogo, akasema, "Kule hakuna anayenigusa." Halafu wale wawili wakasema eh, na hilo.

Siku picha zilipogoma kufunguka

Ningeweza kuishia hapo nikiwa nimeridhika: binti anastahili, nimelipia usumbufu wangu, mambo yameisha. Shangazi ndiye aliyenivuruga tena.

Nilimuuliza kwa simu, nikitegemea aseme biashara nzuri. Akasema ndiyo, pea zinatoka nyingi kuliko miaka mitano iliyopita. Kisha akanyamaza.

"Zamani mteja nilikuwa namjua kwa sura," akasema. "Sasa namjua kwa saizi."

Akanikumbusha Mei 2024, ile Jumapili nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa ya kubahatisha siku kadhaa. Mimi niliikumbuka kwa sababu ofisini tulicheza karata. Yeye aliikumbuka kwa sababu duka lilinyamaza. Simu za kawaida zilikuwa zinapigika, pesa kwa menyu ya simu zilikuwa zinaweza kutumwa, ila picha hazifunguki. Hakuna anayelipia kiatu asichokiona. Mabinti wakakaa kwenye benchi lake, mmoja akasinzia. Na hapo, anasema, ndipo alipogundua kwamba duka lake limekuwa stoo ya watu.

Fremu analipa yeye. Kilemba cha kuingilia fremu alitoa yeye, pesa ndefu, tena kwa kuuza kiwanja. Mashine ya risiti ni yake, na mtu wa kodi akija anamkuta yeye. Ila wateja wako ndani ya simu ya binti. Binti akihamia fremu ya jirani kesho, wateja wanahama naye bila kujua kwamba wamehama.

"Sasa si ufungue ukurasa wako?" nikasema, kwa wepesi wa mtu asiyeuza chochote.

Alishafungua. Mjukuu alimfungulia. Shangazi akaweka picha na bei waziwazi, elfu ishirini na nane, akidhani hiyo ndiyo silaha yake. Hakuna aliyenunua. Wawili wakamuuliza kama ni tapeli, kwa nini bei ni ndogo hivyo. Mmoja akamtumia sauti ya dakika tatu saa tano usiku, Shangazi ameshalala. Alipojibu asubuhi baada ya swala, mteja alikuwa ameshanunua kwingine.

Nikafikiria hilo muda mrefu. Bei ndogo, kutoka kwa mwenye mali halisi, mwenye fremu ambayo unaweza kuigonga kwa mkono, ikaonekana utapeli. Bei kubwa kutoka kwa binti asiye na hata pea moja, mimi niliyewahi kuibiwa blenda nikaiamini. Yeye alinijibu saa tano usiku. Tena alinijibu mara kumi na moja.

Pesa inayosubiri

Viatu vile vinatoka China, kama vingi pale, na China nao walipita kwenye shida hiihii. Soko lao la mtandaoni, Taobao, lilipoanza 2003, mnunuzi hataki kutuma pesa kabla ya mzigo na muuzaji hataki kutuma mzigo kabla ya pesa. Kabla mwaka haujaisha Alibaba, kampuni ya Hangzhou yenye soko hilo, wakaweka utaratibu wa kuishika pesa katikati: unalipa, pesa inasubiri, ukisema umepokea ndipo muuzaji anaipata. Huo ndio mzizi wa Alipay, huduma yao ya malipo.

Sisi katikati tumemweka kijana wa pikipiki.

Yeye ndiye anayesimama getini na kofia yake ngumu mkononi wakati wewe unapandisha zipu. Anakutazama usoni kujua kama umependa. Anampigia binti, "mteja anasema kinabana". Anasubiri meseji ya pesa iingie. Kazi ya kampuni nzima ya Hangzhou, Dar es Salaam anaifanya mtu mmoja kwa sehemu ya elfu tano, na akigongwa Ubungo mzigo unapotea na yeye anapotea.

Kwa mikoani hakuna kijana huyo. Mteja wa Mwanza anatuma pesa zote kwanza, binti anapeleka boksi kwenye basi, anapiga picha tiketi ya mzigo. Kuanzia hapo ni dua. Ndiyo maana yule wa kiatu cha harusi alisema "ngoja nikucheki", na mimi sasa simlaumu.

Binti mwenyewe ana hofu yake mpya. Wateja wameanza kumtumia skrinshoti za programu za Kichina: kiatu kilekile, picha ileile ya kiwandani, elfu kumi na mbili. *Mbona huku ni bei hii?* Wapo wanaokusanyana watano, sita, wanaagiza wenyewe, mzigo unapokelewa Guangzhou na wakala, unapanda meli, wanasubiri. Baada ya miezi wanapata viatu, vingine saizi siyo, na hakuna wa kumrudishia kwa sababu boda wa Guangzhou hayupo. Lakini wanapata.

Aliponisimulia hayo nilitaka kucheka. Anaulizwa swali langu. Lile lile nililomwandikia kwa hasira bila kutuma, sasa anaulizwa yeye, na akigeuka nyuma atamuuliza Shangazi, na Shangazi atamuuliza mwenye kontena. Kila mmoja kwenye mnyororo huu ana elfu kadhaa ambazo hawezi kuzieleza kwa mtu aliyekasirika.

Nikamuuliza anajibu nini.

"Nawaambia agizeni tu," akasema. "Wakiumizwa wanarudi. Wasipoumizwa, basi."

Jumamosi nyingine

Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na binti yangu miguu imekua kwa likizo moja kama imepandwa. Viatu vyake vya shule havimwingii. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, nguo zimelowekwa.

Namba ya Shangazi ninayo. Ningempigia, angeniwekea pea kwa bei ya mtoto wa kaka, na mimi ningeifuata. Nilishika simu nikaitazama kitambo.

Nikamwandikia binti. *Mambo. Una viatu vya shule, 31, nyeusi, vya kufunga?*

*Poa dada polisi,* akajibu kabla sijaweka simu chini. *Ninavyo. Nikutumie video?*

Nikasema usihangaike.

Boda alikuwa yuleyule. Safari hii hakuuliza transfoma. Akavua mfuniko, akaulaza mchangani, binti yangu akapanda juu yake na viatu vipya, akajitazama, akaruka mara moja kupima.

"Mama, kuna maandishi."

Nikamwambia ashuke. Kalamu ya bluu, saba haikuwepo safari hii lakini ile tatu yenye kichwa bapa ilikuwepo. *31 nyeus.* Chini yake mstari mwingine, umebanwa pembeni kwa sababu nafasi ilikuwa imeisha, na humo herufi za mwisho zote zilikuwepo:

*Huna hata muda wa kuja kunisalimia.*